Maji ya duka, ya chupa, ya mvua, ya bomba au ya ziwa: yapi ya kuongeza kwenye betri?

Kuna hoja husikika vijiweni kwa mafundi, kuanzia Igoma hadi Kirumba jijini Mwanza, na ina mantiki ya kutosha kumyumbisha mtu: maji yaliyosafishwa kabisa hayapitishi umeme, betri kazi yake ni umeme, kwa hiyo kununua maji hayo dukani ni kutupa hela wakati Ziwa Victoria lote liko pale chini, lina madini yake na halidai risiti. Sehemu ya kwanza ya hoja ni kweli. Hitimisho ndilo linaloua betri.

Nalinganisha hapa maji ambayo mtu wa Mwanza anayafikia bila shida, ili ajue ya kuchagua leo na ya kuchagua akikwama. Nazungumzia betri za maji tu, yaani za risasi na asidi zenye vifuniko vya kufungua kwa juu. Betri kavu, za jeli na za lithiamu haziongezwi kitu, na mtu akikutolea bisibisi ili aibandue juu betri kavu "aipe maji", chukua betri yako uondoke.

Kinachobeba umeme si maji

Maji matupu ni njia mbovu ya umeme. Kinachosafirisha chaji ndani yake ni ioni, yaani chembe za chumvi au asidi zilizoyeyuka zikagawanyika, nyingine zikiwa na chaji chanya, nyingine hasi. Ukiziondoa zote zilizoingia kutoka nje, zinabaki zile ambazo maji hujitengenezea yenyewe: katika nyuzi joto 25, takriban molekuli moja kati ya milioni 555 imegawanyika. Ndiyo maana hata maji safi kupindukia hayafiki sifuri, bali hupitisha mikrosiemensi (kipimo cha upitishaji umeme) 0.055 kwa sentimita. Mwaka 1894 Wajerumani Friedrich Kohlrausch na Adolf Heydweiller walikeneka maji, yaani kuyachemsha na kuupoza mvuke wake, tena na tena wakiusaka mpaka huo, na walikuta kwamba umeme kidogo bado unapita.

Hizo ni namba za maabara. Chupa ya kawaida ikishafunguliwa, hewa ya ukaa huyeyuka humo ikafanya asidi hafifu, na kipimo kikapanda hadi mikrosiemensi moja au mbili. Maji ya Ziwa Victoria yako karibu 100. Hicho ni kiwango cha chini kwa maziwa yetu, kwa sababu sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, haikupita ardhini kuokota chumvi. Ziwa Tanganyika liko karibu 650. Maji ya bahari ni kama 50,000.

Sasa tazama asidi ya betri iliyo tayari kutumika, yenye asidi ya salfa kati ya asilimia 30 na 37 kwa uzito: ni takriban 700,000. Ndani ya betri, basi, tayari kuna kimiminika kinachopitisha umeme mara 7,000 kuliko maji ya ziwa. Ile mia moja ya ziwa ukiijumlisha na laki saba za asidi, hata haionekani. Maji unayoongeza hayaendi kubeba umeme. Yanaenda kurudisha ujazo, asidi ikae kwenye ukali wake wa kawaida na pleti, yaani bamba za risasi zilizomo ndani ya betri, zisibaki wazi. Swali la kuuliza kuhusu maji yoyote, kwa hiyo, ni moja: yanakuja na nini ndani yake?

Jaribio la taa linadanganya

Mafundi wengine hupima maji kwa taa. Huchukua betri ya volti 12, balbu ya kibao cha gari na waya mbili zilizochunwa ncha, wakazitumbukiza kwenye kikombe. Balbu isipowaka, maji yanatangazwa kuwa safi.

Piga hesabu. Tuseme ncha mbili zina ukubwa wa sentimita moja ya mraba kila moja, zimeachana sentimita moja. Kwenye maji ya ziwa ya mikrosiemensi 100, upinzani ni omu 10,000. Kwa volti 12, mkondo utakaopita ni kama miliampea 1.2. Balbu ya wati 5 inahitaji miliampea 400 na ushee. Haitawaka hata chembe. Kwa jaribio hilo maji ya mwaloni Kirumba, yenye magamba ya samaki na rangi ya kijani, yatafaulu sawa na maji ya maabara! Ukiweka kijiko cha chumvi ndipo balbu itapata uhai na vipovu kuanza kutoka kwenye waya, lakini hakuna aliyekuwa na shaka kuhusu maji ya chumvi.

Ukitaka kupima kweli, nunua kalamu ya TDS, ile ndogo wanayotumia wauza mitambo ya kuchuja maji. Nayo hupima upitishaji umeme, kisha huuzidisha kwa takriban nusu na kukupa jibu kama miligramu za chumvi kwa lita. Maji mazuri ya betri yatasoma 0, 1 au 2. Ya ziwa yatasoma karibu 50. Mimi huweka mpaka kwenye 10. Yakizidi hapo nayatafutia kazi nyingine. Na jaribio lolote la maji lisifanywe kwa umeme wa ukutani, hata kama una hakika maji ni safi. Mkono wenye jasho ukigusa maji hayo, usafi wake umekwisha.

Kwa nini uchafu kidogo unageuka kuwa mwingi

Betri ikishajaa na chaja ikaendelea kusukuma, umeme unaozidi hupasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Kila ampea-saa moja ya ziada hula gramu 0.336 ya maji katika kila seli, yaani kila chumba cha betri. Betri ya volti 12 ina seli sita, kwa hiyo ni kama gramu mbili. Si nyingi kwa siku, lakini mfumo wa sola unaojaa saa sita mchana na kuendelea kuchaji hadi saa kumi jioni hufika mbali.

Kinachotoka ni maji peke yake. Asidi haitoki, na chumvi zilizokuja na maji hazitoki. Unaongeza tena, maji yanatoka tena, chumvi zinabaki, sawasawa na birika linaloota utando mweupe chini kwa kuchemshiwa chai kila asubuhi. Tofauti ni kwamba birika utalisugua. Betri huisugui.

Na chumvi hizo hazikai tu. Kloridi hushambulia risasi ya pleti chanya ikailegeza mpaka inamung'unyika. Chuma ni kibaya kwa namna nyingine: huchukua chaji kwenye pleti moja, hubadilika, huelea hadi nyingine, hubadilika tena, ikawa betri inajimaliza yenyewe usiku huku hakuna kilichowashwa. Kalsiamu hukutana na salfeti ikatua chini kama tope. Ndiyo maana watengenezaji huweka mipaka ya kloridi na chuma kwenye miligramu chache tu kwa lita. Maji yanaweza kung'aa kama kioo na bado yakavuka mipaka hiyo.

Yaliyokenekwa au yaliyoondolewa ioni?

Haya ndiyo maji halali, na ubishi kuhusu yapi ni bora hauna tija. Yaliyokenekwa yamechemshwa, mvuke ukapozwa ukarudi kuwa maji, chumvi zikabaki kwenye chungu. Yaliyoondolewa ioni yamepitishwa kwenye punje za resini zinazonasa ioni za chumvi na kuachia badala yake zile zinazoungana kuwa maji. Njia ya kwanza inaondoa na vijidudu. Ya pili inaweza kuviacha. Kwa dawa au maabara hiyo ni tofauti kubwa. Betri haiugui tumbo. Chukua iliyopo, ya bei nafuu, ambayo mfuniko wake haujafunguliwa.

Kinachofaa kukaguliwa zaidi ya jina ni chombo. Maji ya betri yanayopimwa kutoka dumu kubwa kwenda kwenye chupa yako ya soda yanaweza kuwa yameshakunywa vumbi la duka na mabaki ya kilichokuwamo. Faneli ya chuma yenye kutu inatosha kuharibu usafi ulioulipia. Tumia plastiki au glasi.

Maji ya kunywa ya chupa

Hapa watu hukosea kwa sababu ya bei: kwa kuwa maji ya kunywa yameuzwa, basi yamesafishwa. Yamesafishwa kwa ajili ya tumbo. Viwanda vingi huyasukuma kwa presha kwenye utando unaozuia sehemu kubwa ya chumvi, kisha baadhi hurudisha madini kidogo ili yawe na ladha. Chupa mbili kwenye friji moja zinaweza kutofautiana mara kumi. Soma lebo: kama imeandikwa TDS, tafuta namba ndogo, na angalia mstari wa kloridi. Yenye TDS chini ya 10 nitaiweka kwenye betri nikiwa safarini bila kujilaumu. Yenye 80 ni mbaya kuliko ziwa.

Ndiyo, mbaya kuliko ziwa. Wengi hawaamini mpaka waone kalamu.

Mvua, kiyoyozi na friji

Maji ya mvua ndiyo yaliyokenekwa na jua, bure. Tatizo ni njia yanayopita. Yakitoka kwenye bati yana zinki, kutu na kinyesi cha ndege. Yakitoka kwenye simtanki yamekaa na vyote hivyo. Yaliyokingwa uwanjani kwa beseni safi la plastiki, baada ya mvua kunyesha nusu saa ikaosha vumbi angani, yanaweza kushindana na ya duka. Masika yanapokuwa yamekolea, mtu mwenye betri nne za sola anaweza kukinga ya miezi mingi kwa jioni moja, akayachuja kwa kitambaa cheupe na kuyafunika.

Maji yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi nayo ni mvuke uliopozwa, lakini yameteleza juu ya mapezi ya alumini na mabomba ya shaba yenye vumbi la miezi. Ubora wake uko chini ya ule wa mvua ya uwanjani. Barafu inayokwanguliwa kwenye friji iko kundi hilohilo, ukiondoa harufu ya sato.

Bomba, ziwa, kisima

Maji ya bomba ya jiji yanatoka ziwani, yanavutwa na kusafishwa kwenye mitambo ya Capri Point na Butimba. Kwa hiyo chumvi zake hazitofautiani sana na za ziwa. Yamepunguziwa tope na mwani, yakaongezewa klorini. Kuyaacha wazi usiku kucha huondoa harufu ya klorini, si kloridi. Ukilazimika kuchagua kati ya bomba na maji ya ukingoni mwa ziwa, chukua bomba, kwa sababu maji ya ukingoni yana uchafu wa viumbe, chuma cha tope na sabuni za wanaofua. Katikati ya ziwa maji ni safi zaidi, ila bado ni yaleyale ya 100.

Kisima ni cha mwisho. Maji yaliyokaa ardhini yameokota chumvi kutoka kwenye mwamba na udongo, na yakiacha rangi ya kahawia kwenye ndoo, hiyo ni kutu inayokuambia chuma kipo cha kutosha.

Na kuchemsha? Kuchemsha kunaua vijidudu na kupunguza maji, kwa hiyo chumvi iliyobaki inakuwa imekolea zaidi. Kuna chokaa kidogo hutua chini, kloridi haitui. Ukitaka moto ukusaidie, kusanya mvuke: sufuria ya maji, bakuli la glasi linaloelea ndani, mfuniko uliogeuzwa juu chini wenye vipande vya barafu, mvuke unapoa ukawa maji na kudondokea kwenye bakuli. Hapa Mwanza, tukiwa kama mita 1,140 juu ya bahari, maji huchemka karibu nyuzi 96, na kwa kazi hii haina neno. Ila piga hesabu ya mkaa kwanza. Lita moja ya dukani huwa nafuu.

Kosa kubwa kuliko yote: asidi mahali pa maji

"Kaka, naomba maji ya betri."

"Asidi au ya kuongezea, bosi?"

Muuzaji anayeuliza hivyo ni wa kurudiwa. Chupa hizi mbili hukaa rafu moja, zote kimiminika kisicho na rangi, na anayechukua asidi kwa imani kwamba "ina nguvu" anaharibu betri haraka kuliko anayechota ziwani. Asidi ya mwanzo bado imo ndani. Sehemu yake, betri ikiwa imeisha chaji, imejificha kwenye pleti kama salfeti ya risasi na itarudi ukichaji. Ukiongeza nyingine, haidromita, kile kifaa cha kupima ukali wa asidi, itakufurahisha siku hiyo, kisha ukali uliozidi utaanza kula pleti na vitenganishi vilivyo kati yake. Betri iliyojaa husoma 1.265 hadi 1.280, na zile zilizoandaliwa kwa nchi za joto huanzia chini kidogo, karibu 1.240. Ikikaribia 1.120 imeisha: inataka chaji.

Kuna hali mbili tu asidi inapohitajika. Ya kwanza ni betri mpya ya maji iliyokuja kutoka kiwandani bila asidi ndani. Ya pili ni iliyomwagika, na hii hutokea kwenye mitumbwi betri inapopinduka. Hapo ndipo ile hoja ya vijiweni inapokuwa sahihi kabisa: ukijaza maji safi seli iliyomwaga asidi yake, umeme hautapita wa maana, na mbaya zaidi, risasi huyeyuka kidogo kwenye maji yasiyo na asidi, kisha ukichaji inaota nyuzi zinazounganisha pleti. Seli hiyo imekufa. Iliyomwagika ijazwe asidi ya ukali uleule wa seli nyingine, na fundi, si wewe na faneli ya jikoni.

Uchague yapi

Mwenye gari, bajaji au pikipiki betri yake inakunywa kidogo mno. Lita moja ya maji ya duka itamfikisha mbali, na hana sababu yoyote ya kutumia kitu kingine. Akikwama Sengerema au Magu na pleti ziko wazi, aweke maji ya chupa yenye TDS ndogo, au hata ya bomba, kiasi cha kufunika pleti tu. Pleti iliyobaki hewani hukauka na kuharibika moja kwa moja. Maji ya bomba mara moja hayataiua.

Mwenye sola nyumbani ndiye wa kuwa mkali. Betri zake zinajaa kila siku, zinakunywa kila mwezi, na ni ghali. Lita kumi za ziwa au bomba zitamwachia karibu nusu gramu ya chumvi, na haitatoka tena. Anunue dumu lililofungwa au ajipange na mvua, na kalamu ya TDS kwake si anasa.

Wavuvi wa dagaa walioacha karabai wakahamia taa za LED na betri wako kwenye mazingira magumu zaidi: Ukara, Kome na visiwa vingine duka la spea liko mbali, na maji yamewazunguka pande zote. Ushauri wangu ni kubeba chupa mbili kila mkienda mjini na kuacha kabisa kuongeza maji usiku mkiwa kazini. Siku za mbalamwezi dagaa hawafuati taa na mitumbwi inapumzika. Hizo ndizo siku za kuchaji hadi betri ijae, kisha kufungua vifuniko mchana, mahali penye hewa, bila sigara karibu kwa sababu ya ile haidrojeni. Jaza mpaka kama sentimita moja juu ya pleti. Ukijaza betri ikiwa haina chaji, kimiminika kitapanda wakati wa kuchaji na asidi itamwagika juu. Baada ya kuongeza, usipime kwa haidromita papo hapo, maji mapya bado yameelea juu. Kwenye gari inabidi usubiri chaji iyachanganye. Kwenye mtumbwi mawimbi hukusaidia.

Zikinywa seli zote sita kwa pamoja na kwa haraka, pima volti za chaji, zikizidi 14.8 kwa muda mrefu, kidhibiti cha chaji ndicho kibovu. Ikinywa moja peke yake huku jirani zake zimejaa, ama imepasuka ama inaelekea kufa, na hakuna chupa yoyote kati ya hizi itakayoiponya.